Maabara ni Yako: Kwa Wafugaji wa Mtendeli

Ng'ombe amekonda, manyoya yamesimama, maziwa yamekatika. Huku Mtendeli, kama ilivyo Kibondo na Kasulu, wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia duka la dawa kununua sindano. Lakini huenda ni nagana inayoenezwa na mbung'o, au ndigana inayoletwa na kupe, au minyoo tu, na dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine. Jibu la hakika hutoka maabara.

Maabara hiyo ni mali ya umma. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) ni vyombo vya serikali, na kodi yako imo ndani yake. Duka lina kazi yake, ila huuza kilichopo. Hakuna mwenye duka atakayefuga mbung'o miaka kadhaa ili ajue namna ya kuwamaliza.

Kazi hiyo ilifanyika Tanga. Wataalamu wa taasisi ya serikali, wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walizalisha mbung'o kwa wingi, wakawapiga madume mionzi ili wawe tasa, kisha wakawaachia Unguja kwa ndege. Jike aliyepandwa na dume tasa hazai. Madume hao walianza kuachiwa mwaka 1994, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Kwetu si rahisi hivyo. Unguja imezungukwa na bahari. Sisi tuna miombo na mapori ya Moyowosi, na mbung'o waliokufa leo nafasi yao hujazwa na wengine kesho. Kwa hiyo silaha zetu ni mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, pamoja na kuogesha mifugo kwa dawa inayoua mbung'o na kupe kwa pamoja. Mbung'o huwadhuru watu pia, kwa kuwaambukiza malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa Buha kwa sababu ya ugonjwa huo, na vimelea vyake huweza kukaa ndani ya ng'ombe anayeonekana mzima.

Ugonjwa wa sotoka ndio ushahidi mkubwa kuliko wote wa faida ya maabara ya umma. Katika miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Chanjo iliyokuja kuimaliza ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya, katika maabara ya umma iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi nyingi ziliitengeneza na kuitumia, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Muguga hiyohiyo ndiko ilikotoka chanjo ya ndigana kali, ambayo ndama huchomwa mara moja tu.

Basi itumie sayansi hii. Mnyama akiugua, mwite afisa mifugo kabla hujachoma chochote, kwa sababu dawa huweza kuficha vimelea hata kipimo cha damu kisivione. Dozi ifuate uzito: ng'ombe wa kilo 250 akipewa dozi ya ng'ombe wa kilo 150, vimelea sugu hubaki hai na kuzaliana. Mnyama akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, usimchune, usimpasue, usimle. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Chanjo ikitangazwa, peleka mifugo yote, kwa kuwa ng'ombe wachache wasiochanjwa huweza kuendeleza ugonjwa kijiji kizima.

Tunajua pia kwamba maabara iko mbali, na kwamba bwana mifugo mmoja huhudumia watu wengi. Hilo si jambo la kunyamazia. Kama josho lenu ni bovu, au chanjo imechelewa, lisemeni kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, na diwani alifikishe halmashauri. Huduma hii mnailipia, idaini.