WATAZAMAJI HUTAFUTA NINI KATIKA MICHEZO YA TELEVISHENI?

Amma baad. Katika somo hili tumependa kuitazama mas'ala ambayo wengi wetu huipitisha kwa neno moja tu: "Upuuzi." Nayo ni michezo ya hadithi ya televisheni, inayotazamwa katika nyumba zetu za Lamu na visiwa vyake. Hukumu yake si mradi wetu leo. Twataka kuuliza kwanza: kwa nini watu huipenda, na huona nini ndani yake?

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1980, video ilipokwisha ingia majumbani, mtaalamu Minou Fuglesang alikaa Lamu akichunguza maisha ya wasichana, na mwaka 1994 kitabu chake kikatolewa Stockholm. Humo aeleza jinsi wanawake walivyokuwa wakikusanyika ndani kutazama filamu za Kihindi, na jinsi filamu hizo zilivyowapa maneno ya kuzungumzia mapenzi, ndoa na mavazi.

Kwa nini za Kihindi, na hali wengi lugha hawaijui? Sisi twaona sababu ni kuwa mambo yake ni ya nyumba zetu: baba aliyekwisha toa ahadi, binti asiyeulizwa, mama mkwe, tajiri na maskini, na jina la ukoo. Filamu ya Kizungu, ambamo kijana hujichagulia mke bila ya kuwashauri wazee, haina fundo hilo la kufungua.

Dalili ya pili ni nchi za Waarabu. Mwaka 2008 mchezo wa Kituruki uitwao Noor ulioneshwa huko kwa Kiarabu cha Sham. Mufti Mkuu wa Saudia aliikemea michezo hiyo mwaka ule ule. Hata hivyo mamilioni waliufuata mpaka mwisho. Wanawake wengi walichokisifu ni mume mwenye kusema na mkewe kwa upole. Basi aliye na akili ajiulize: mtu hukisifu sana kitu gani, ikiwa si kile anachokikosa?

Leo hata lugha hatuazimi. Televisheni ya Citizen ilitoa Maria mwaka 2019 na Sultana mwaka 2022, yote kwa Kiswahili.

Tena tujue kuwa mama na binti wakikaa mkeka mmoja, hawatazami mchezo mmoja. Mama humwona binti aliyemjibu babake. Binti humwona mwenziwe aliyeozwa bila ya kuulizwa. Baba akizima televisheni, suali halizimiki.

Na suali hilo lina jawabu ya zamani. Khansaa binti Khidham aliozwa na babake naye hataki, akamwendea Mtume (s.a.w.), naye akaivunja ndoa ile. Na bikra pia aliamrisha atakwe idhini. Je, ni wasichana wangapi wa vyuo vyetu waliosimuliwa kisa hiki? Haki za mume twawasomesha kwa urefu, na hiki twakiruka. Kisha twastaajabu wanapokwenda kutafuta jawabu kwa watunga michezo.

Basi nasaha yetu kwa wazee na walimu ni hii: kabla ya kukataza, muulizeni binti ni mchezo gani aupendao, na kwa nini. Msikilizeni mpaka amalize. Huenda mkasikia habari za nyumba yenu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.