Picha za Majira ya Baridi: Mwanga, Theluji na Batamaji wa Slimbridge

Watu wengi hudhani kwamba upigaji picha ni burudani tu. Kwa mwanasayansi, hata hivyo, picha ni kumbukumbu inayoweza kupimwa na kulinganishwa. Makala haya yanaeleza jinsi picha zinavyotumika katika hifadhi ya Slimbridge, kando ya mlango wa mto Severn, Uingereza, na kanuni za fizikia ambazo mpiga picha wa majira ya baridi hana budi kuzifuata.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1946 na Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege. Kila mwaka batamaji wa Bewick huja huko kukwepa baridi kali ya kaskazini mwa Urusi, safari ya kilomita zipatazo 3,500. Mwaka 1964 Scott alianza kuchora midomo yao, kwa kuwa mabaka ya manjano na meusi ya ndege mmoja hayalingani na ya mwingine, mfano wa alama za vidole. Kwa michoro na picha, watafiti huweza kujua ni ndege gani amerudi, ana mwenzi gani, na ameleta makinda mangapi. Makinda hutambulikana kwa rangi yao ya kijivu.

Jua la chini

Slimbridge iko karibu nyuzi 52 kaskazini mwa Ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Desemba jua huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, ilhali Dar es Salaam siku hiyo hufikia nyuzi 73. Kwa hiyo mti wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 37 hivi huko, lakini mita 3 tu hapa kwetu. Mwanga wa jua la chini hupita katika hewa nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya rangi ya buluu hutawanywa njiani, na mandhari hupata wekundu wa dhahabu. Vivuli juu ya theluji, kinyume chake, huonekana vya buluu kwa sababu huangazwa na anga peke yake.

Kipimamwanga hudanganyika

Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba mandhari huakisi takriban asilimia 18 ya mwanga unaoyafikia. Theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80. Kamera ikiachwa ijiamulie, hupunguza mwanga, na theluji hutoka ya kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga mara 2 hadi 4. Lakini batamaji mweupe akielea juu ya maji meusi, kosa hugeuka: kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na manyoya yote huwa doa jeupe lisilo na mistari. Hapo mwanga hupunguzwa.

Mwendo na baridi

Ndege arukaye kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde husogea sentimita 25 katika muda wa 1/60 ya sekunde, na picha yake hufifia. Katika 1/1000 ya sekunde husogea sentimita 1.5 tu. Baridi nayo hupunguza nguvu ya betri. Yafaa ya akiba ihifadhiwe mfukoni, karibu na mwili. Kamera iliyopoa ikiingizwa katika chumba chenye joto hutokwa na umande, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu. Kwa hiyo hufungwa katika mfuko wa plastiki kabla ya kuingizwa ndani, hadi ipate joto.

Faida na wajibu

Hesabu za kimataifa zilionyesha kwamba batamaji hawa wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya walikuwa 29,000 hivi mwaka 1995, nao wakabaki 18,000 hivi mwaka 2010. Picha za eksirei zilizopigwa Slimbridge zilifichua chembe za risasi za bunduki miilini mwa baadhi yao, ingawa sheria inawalinda katika njia yao yote. Hatari nyingine ni nyaya za umeme na kupotea kwa ardhioevu. Mpiga picha naye asiwe hatari. Mchana wa baridi ni mfupi, na ndege anayefukuzwa hupoteza nguvu alizozipata kwa shida. Ndiyo maana hutumika vibanda vya kujificha na lenzi za kuvuta mbali.

Miezi hiyohiyo mbayuwayu wa Ulaya huwa Afrika Mashariki. Shule yenye kamera moja yaweza kupiga picha mahali palepale, saa ileile, kila wiki, na kuandika tarehe. Baada ya miaka michache, itakuwa na kumbukumbu yenye thamani.

Maswali

1. Tafuta urefu wa kivuli cha mti wa mita 6 jua likiwa nyuzi 15.
2. Ndege arukaye mita 12 kwa sekunde husogea umbali gani katika 1/500 ya sekunde?
3. Kwa nini ukuta uliopakwa chokaa hutoka wa kijivu katika picha?