Bolti Iliyokwama: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari Makuukuu wa Mbololo na Voi

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha fundi wa jua kali anayefungua gari chini ya mwembe, cha mwanafunzi wa ufundi, na cha mwenye pikapu kuukuu anayeteremsha mizigo kutoka Mbololo hadi Voi. Ujumbe wetu ni mmoja: bolti iliyokwama hutaka muda kuliko misuli. Bolti nzima iliyokwama ni kazi ya saa chache au usiku mmoja. Ikikatikia ndani, gari laweza kukaa gereji zaidi ya hapo.

Kwa nini bolti hukwama

Kutu huzaliwa chuma kikikutana na maji na hewa. Nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hujaa katikati ya meno ya nati na bolti na kubana kama kabari. Chumvi huiharakisha. Gari lililozeeka Mombasa limepigwa miaka mingi na upepo wa bahari. Mtumba wa Japani uliotoka sehemu za theluji umepita kwenye barabara zinazonyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Ukiufikisha huku kwetu, ukungu wa mlimani unauongezea unyevu, na vumbi jekundu la Voi linaganda chini ya gari na kuushika unyevu huo.

Kutu si sababu pekee. Stadi za ekzosi hukwama kwa kuchomwa na kupoa kila siku. Bolti ya chuma iliyoingia kwenye aluminiamu, kama ya kasha la gia au kichwa cha injini, huganda kwa sababu metali hizo mbili hulana zikipata unyevu. Nyingine hukwama kwa kuwa aliyezifunga alizikaza kupita kiasi.

Kabla ya kushika spana

- Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara.
- Vaa miwani. Kutu na vipande vya chuma huruka machoni.
- Hakikisha unazungusha upande unaofaa. Kwa kawaida kulia hufunga na kushoto hufungua, lakini nati za magurudumu ya upande wa kushoto kwenye baadhi ya malori ya zamani hufunguka kwa kwenda kulia. Tafuta herufi L kwenye stadi.
- Chagua spana inayokaa sawasawa. Kwenye magari mengi ya Japani, bolti ya milimita 8 ina kichwa cha 12, na ya milimita 10 ina kichwa cha 14. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe 12 hula kichwa upesi.

Hatua za kufungua

1. *Safisha.* Sugua meno yaliyo nje kwa brashi ya waya. Nati ikipita juu ya uchafu, itakwama tena njiani.
2. *Lowesha.* Tia mafuta ya kulegeza kutu, gonga kidogo, rudia baada ya nusu saa. Kwa bolti za chasisi, anza jioni na ufungue asubuhi. Mafuta yasifike kwenye pedi wala viatu vya breki.
3. *Gonga.* Piga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mara kadhaa. Mtikisiko hupasua kutu ambayo mafuta hayajaifikia.
4. *Kaza kidogo, kisha legeza.* Ikisogea robo, irudishe, tia mafuta, isogeze tena. Ikianza kuwa nzito, usiilazimishe. Bolti inayozunguka kama inavutika, bila kutoka, iko karibu kukatika.
5. *Tumia joto.* Pasha nati, si bolti, ili nati itanuke na kuachia. Joto lisikaribie tangi, paipu za mafuta au za breki, mpira wala bushi. Futa mafuta uliyopaka, na uwe na mchanga au kizimamoto karibu. Usipashe moto sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki: baadhi ya dawa hizo zikiungua hutoa moshi wa sumu unaoweza kuua.

Na lile paipu refu linalochomekwa kwenye spana? Nati ya gurudumu ya gari dogo hukazwa kwa takriban niutoni-mita 100, yaani kama kuning'iniza kilo 20 kwenye mwisho wa spana ya nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye mwisho wa paipu la mita moja anaipa bolti nguvu mara saba ya hiyo. Mara nyingi kinachoachia ni bolti yenyewe, kwa kukatika.

Ikikatika

Simama kwanza. Kama kuna kipande kilichobaki nje, kishike kwa koleo la kubana, pasha moto, zungusha polepole. Kikiwa kifupi, mchomeleaji anaweza kuunganisha nati juu yake: joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati hukupa mahali pa kushika. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuchomelea.

Ikikatikia ndani, sawazisha uso kwa tupa, piga alama katikati kabisa, kisha toboa kwa kekee ndogo ya milimita 3 na uongeze taratibu. Kwa bolti ya milimita 8, tundu lisizidi milimita 6.5, la sivyo utakula meno ya chombo chenyewe. Uangalifu zaidi unahitajika kwa chuma cha kuchomolea bolti, kinachoingizwa kwenye tundu hilo: ni kigumu kuliko kekee za kawaida, na kikivunjika ndani hutaweza kukitoboa. Ukiona kinaanza kujikunja, peleka kazi kwa mwenye mashine ya kukereza.

Wakati wa kurudisha

Hapa ndipo bolti ya kesho inapookolewa. Safisha meno, anza kuzungusha kwa vidole, na spana ifuate baadaye. Bolti za chasisi zipakwe grisi kidogo, na stadi za ekzosi zipakwe grisi ya shaba inayostahimili joto. Nati za magurudumu ziache kavu, ila kitabu cha gari kikisema vingine. Ukibadilisha bolti, angalia namba ya kichwani: penye 10.9 usiweke 8.8, kwa kuwa ni dhaifu zaidi.

Kwa mwenye gari

"Fundi, si ni bolti moja tu?" Swali hili limevunja bolti nyingi. Fundi akikuambia uliache gari hadi kesho mafuta yapenye, mpe usiku huo. Mkubaliane mapema pia nani atalipa ikikatika, kabla spana haijawekwa.

Usiitupe iliyokatika

Ipeleke kwenye mwanga na utazame uso wake. Ukiwa unang'aa wote, imekatika leo kwa nguvu ya leo. Sehemu ikiwa nyeusi au yenye kutu, ufa ulikuwapo zamani, na dada zake zilizofungwa pamoja nayo huenda zina ufa kama huo. Zikague kabla gari halijapanda tena mlima.