Upe Mchicha Heshima, Mtoto Ataula

Hapa Miono, masika yakishika, mboga za majani si tatizo. Matembele yanatambaa mpaka mlangoni, majani ya kunde na ya maboga yako shambani, mlenda unajiotea wenyewe kando ya njia. Hata hivyo, kina mama wenzangu hawaachi kuniuliza: mbona mtoto akiona majani kwenye sahani anayasukuma pembeni?

Nimelea wanangu hapa, na watoto wa ndugu zangu wamepita mikononi mwangu. Ninachokiamini ni kwamba mtoto huithamini mboga kadiri nyumba yake inavyoithamini. Tukisema mbele yake, "Leo hakuna kitu, tunakula majani tu," tumeshamfundisha kuwa mchicha ni chakula cha siku ya dhiki. Kesho tukimlazimisha aule, tunamtaka apende kitu tulichokwisha kukidharau.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye upungufu wa damu ni zaidi ya nusu. Mboga peke yake haimalizi hayo, lakini ina sehemu yake kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2023, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Kwenye matunda hatubembelezani: nanasi za Kiwangwa ziko jirani na embe zina msimu wake. Mboga ndiyo inayotaka mbinu, na zangu ni hizi.

Anza na mama

Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti kuhusu kina mama waliokunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walipokea nafaka yenye ladha ya karoti bila kukunja nyuso sana. Kwa hiyo mjamzito na mama anayenyonyesha wasikose mboga. Mtoto akitimiza miezi sita, mpe majani yaliyoiva na kupondwa laini, kijiko kimoja kimoja, huku akiendelea kunyonya.

Pika kwa bidii ileile ya pilau

Mchicha uliochemshwa na chumvi kisha ukaachwa upoe, hata mtu mzima haumpendezi. Matembele nayapika hivi: nachuma ncha changa, namenya nyuzi za vikonyo, naosha kabla ya kukata. Nakaanga kitunguu na nyanya, natia majani na tui la pili. Yakilainika, namalizia na tui zito, nakoroga mpaka lichemke kidogo, naipua. Nikipata kamba wakavu wa Saadani, nawatwanga na kuwatia humo. Harufu yake inawaita watoto jikoni bila kumtuma mtu.

Nazi si ladha tu. Vitamini A inayotokana na majani ya kijani inahitaji mafuta ili mwili uifyonze. Nikiipua, nakamulia ndimu, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai ya rangi nayo naiweka mbali na mlo, kwa sababu huzuia madini hayo.

Kisamvu kina masharti yake. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, kwa hiyo twanga vizuri, kisha chemsha kwa muda mrefu bila kufunika mpaka harufu ya ubichi iishe. Ndipo utie karanga au nazi.

Kwa mwenye meno machache, hakuna kama mlenda. Unateleza na ugali bila kutafunwa sana.

Mtengee sahani yake

Sinia moja hufundisha watoto mengi mazuri, ikiwemo kula kwa kuwaiga wenzao. Lakini mdogo huachwa nyuma: wakubwa wanachota mboga, yeye anabaki na ugali na mchuzi. Mtengee fungu lake, kisha mkae naye pamoja. Na baba ale mboga hiyohiyo, asifie kwa sauti.

Rudia bila ugomvi

Akikataa leo, usimchape wala usimzibe pua. Ondoa sahani kwa upole, umletee tena siku nyingine, kidogo, kwa mapishi tofauti. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nyingi, hata zaidi ya mara 10, kabla ya kukizoea. Usimwahidi soda akimaliza mchicha, maana utakuwa umemwambia kuwa mchicha ni adhabu na soda ni tuzo. Biskuti na ubuyu visimfikie mlo ukikaribia. Mwenye njaa ana ulimi mpole.

Mpe kitalu

Mkatie marando ya matembele ayapande mwenyewe karibu na karo, yapate maji ya kuoshea mboga. Asiye na eneo ajaze gunia udongo na samadi, aoteshe mchicha. Baada ya wiki chache utakuwa tayari kuchumwa. Mtoto aliyemwagilia mmea, akauchuma na kuuleta jikoni, huona fahari kuula na kuwagawia wenzake.

Leo jioni anza na mboga moja tu. Ipike vizuri, itaje kwa jina lake, na iweke katikati ya mkeka kama ulivyozoea kuweka samaki. Asipoila, kula wewe kwa furaha mbele yake, na kesho kutwa umpakulie tena.