Chembe za Nano Katika Tiba ya Kinga Dhidi ya Saratani

Seli ya saratani huzaliwa ndani ya mwili wenyewe. Ndiyo maana mfumo wa kinga mara nyingi hushindwa kuitambua. Chanjo ya tiba huusaidia mfumo huo kwa kuupelekea mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza vipande vya protini vinavyopatikana katika uvimbe wa mgonjwa. Lakini mRNA ni dhaifu: ikiingia mwilini bila kinga, vimeng'enya huikatakata upesi.

Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe ya mafuta yenye upana wa takriban nanomita 100. Chembe hiyo ikimezwa na seli, asidi iliyomo humo huyapa mafuta chaji chanya, nayo mRNA huachiliwa. Seli hutengeneza vipande vile na kuvionyesha kwa seli T, ambazo huanza kuusaka uvimbe.

Katika jaribio la wagonjwa 157 waliofanyiwa upasuaji wa melanoma, chanjo ya aina hii pamoja na pembrolizumab, dawa inayoondoa breki za seli T, ilipunguza hatari ya ugonjwa kurudi au kifo kwa takriban asilimia 44 kuliko pembrolizumab pekee. Hata hivyo, wagonjwa hao ni wachache, na kila chanjo hutengenezwa kwa mgonjwa mmoja tu. Uchunguzi wa mapema bado hauna mbadala.