Mgonjwa Mlangoni: Je, Dawa ni Chambo cha Dini?

Ndugu msomaji, mtu anayeichunguza Ahmadiyya aweza kuuliza: "Ninyi mnaofundisha kwamba imani haiji kwa nguvu, mbona mnajenga hospitali? Je, dawa si chambo cha kuvulia maskini?" Swali hili ni la haki, wala halifai kukasirikiwa. Lakini kabla ya kulijibu, natutazame mahali lingeweza kuulizwa.

Kimamba ni mji mdogo wilayani Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, kando ya reli ya kati. Mji huo ulikuzwa na mashamba ya mkonge. Manamba walikuja kutoka mbali, na wengi wao hawakurudi tena kwao. Walizeekea huko, wakaacha watoto na wajukuu wasio na shamba la ukoo. Mashamba mengi ya mkonge nchini yalitaifishwa mwaka 1967, nayo bei ya mkonge ilianguka duniani, na vibarua wakakosa ujira. Basi mkulima huona fedha wakati wa mavuno, hali malaria humshika wakati wa mvua, ghala likiwa tupu. Ugonjwa na fedha haviji siku moja. Asiyelifahamu jambo hili asifungue kituo cha afya kijijini.

Kwani kituo kikitoa kila kitu bure, kabati la dawa litakuwa tupu upesi, na mshahara wa mganga na mkunga hautapatikana. Kikidai fedha mlangoni, mama atamtibu mtoto nyumbani kwa majani, naye atakuja siku ya nne, mtoto akiwa na degedege. Nimeona watu wema wakibishana juu ya njia hizi mbili kana kwamba hakuna ya tatu. Iko: mwenye nacho alipe kiasi kinachojulikana, na asiye nacho alipiwe na mfuko wa sadaka wenye daftari lake peke yake, usiochanganywa na fedha za dawa. Mwenye hatari ya kufa atibiwe kwanza, hesabu ifuatie. Tena anayeamua nani ni maskini asiwe karani wa dirishani mbele ya watu. Kurani Tukufu, katika Sura ya pili, imetuonya kwamba sadaka hubatilishwa kwa masimbulizi na maudhi. Kumwuliza mtu umaskini wake kwa sauti kuu ni maudhi hayo hayo.

Sasa turudi kwenye chambo. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alikuwa akiweka dawa nyumbani kwake Qadian, za Kiyunani na za Kizungu. Siku moja wanawake wa vijijini walimjia na watoto wao wagonjwa, naye akawahudumia kwa muda mrefu. Sahaba wake, Maulvi Abdul Karim, alipomwambia kwamba kazi hiyo inampotezea wakati wake wa thamani, alijibu kwamba hiyo nayo ni kazi ya dini, maana watu hao ni maskini na hapana hospitali hapo. Angalieni: hakusema kwamba ni njia ya kuifikia kazi ya dini. Alisema ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1970, Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifa wa Tatu, alipozuru Afrika Magharibi, alianzisha mpango wa Nusrat Jahan, na hospitali na shule zikafunguliwa huko kwa msingi huo huo. Nayo Sura ya 76 yawasifu wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani. Kama shukrani haitakiwi, kuongoka kwa mgonjwa kutadaiwaje kuwa ndiyo bei?

Jambo hili hujaribiwa palipo uchungu. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Fikiri, ndugu yangu: usiku kama ule mkulima aliyejeruhiwa alazwe, kisha aletwe mfugaji mwenye jeraha, na watu wa mkulima wamesimama uani. Muuguzi atakayemwuliza kabila lake kabla ya kufunga jeraha amekwisha kukipoteza kituo.

Tena tusione haya kukiri kwamba katika sehemu hizo Wakristo wametangulia: Waanglikana wana hospitali Berega, na Wakatoliki wana hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Mwislamu ashindane nao katika wema, wala asiwadharau.

Kadhalika nia njema haitoshi pasipo elimu. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu atawajibika kwa madhara yake. Kwa hiyo homa ipimwe damu kwanza; isidhaniwe tu kuwa ni malaria, na dawa mseto isigawiwe kwa kukisia. Dua iombwe, naam, lakini kipimo kisiachwe kwa sababu ya dua. Na mgonjwa aliyeshinda uwezo wa kituo apelekwe hospitali ya Kilosa au Morogoro mapema, si baada ya kiburi chetu kuchoka.

Huenda mtu aliyepona akasema, "Nataka kuingia katika Jumuiya yenu." Asiandikiwe baiati kitandani. Aambiwe arudi kwao, apate nguvu, asome vitabu vyetu na vya wanaotupinga, na aulize maswali yake yote. Akija tena baada ya miezi mitatu kwa miguu yake mwenyewe, apokewe kwa furaha. Na asipokuja, kadi yake ya matibabu ibaki mahali pake, maana mvua zitarudi na homa pamoja nazo.