Uzamili wa utafiti katika ustawi wa jamii

Swali: Ofisa ustawi wa jamii mwenye shahada ya kwanza ajiandae vipi kwa uzamili wa utafiti?

Jibu: Uzamili katika fani hii husomwa kwa njia mbili: masomo ya darasani yanayomalizikia kwa tasnifu, au utafiti tangu mwanzo chini ya msimamizi. Nchini Tanzania, chuo mahsusi cha fani hii ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973.

Kinachowakwamisha wengi si takwimu, ni swali la utafiti. “Watoto wa mitaani” ni mada tu. Swali ni hili: kwa nini mtoto aliyerudishwa kwa ndugu zake hutoroka tena?

Kisha yaja maadili, na hapo haraka haifai kabisa. Mtoto chini ya miaka 18 huhojiwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, naye mwenyewe akubali. Majina hufichwa. Ofisa asiwahoji wateja anaowahudumia mwenyewe, kwani wataona haya kukataa, wakihofia kunyimwa msaada. Kibali cha maadili hupatikana kabla ya mahojiano ya kwanza, na ruhusa ya halmashauri iombwe mapema.